Sekunde arobaini ambazo Valentino hakuzisema

Saa moja na dakika ishirini asubuhi umeme unarudi mjini Handeni. Feni ya dari inaanza kuzunguka, taa za chumba cha mitambo zinapepesa, na kompyuta iliyo ndani ya kabati la chuma inavuma kama nyuki.

Valentino Mgaya anaitazama skrini mara moja tu. Orodha ya programu imejipanga, kila mstari na alama yake ya kijani, maana yake zote zimeamka. Hakai chini. Anatoka nje, anavuka uwanja wa changarawe hadi kwenye kibanda cha mlinzi, na kuinama kwenye redio ndogo iliyofungwa dirishani kwa mpira wa baiskeli.

“Inasema?”

“Inasema, mzee,” anajibu mlinzi.

Anasikiliza mwenyewe kwa dakika nzima. Mtangazaji anasoma bei za mahindi. Ndipo anaporudi ndani, polepole, mikono nyuma.

“Kijani siiamini tena,” anasema. “Wala mwenyewe sijiamini sana.”

Valentino ana miaka 53. Ni msimamizi wa mifumo ya kompyuta katika kituo cha redio ya jamii chenye studio mbili, moja Handeni na nyingine Korogwe. Uongozi wa kituo hicho umekubali azungumze na gazeti hili kwa sharti kwamba jina la kituo lisitajwe.

Kazi yake haionekani. Wasikilizaji wanawajua watangazaji kwa sauti, na wengine huwaita kwa majina wakikutana nao sokoni. Hakuna anayemjua mtu anayehakikisha kwamba umeme ukikatika na kurudi, sauti hizo nazo zinarudi. Mwezi uliopita umeme ulikatika mara kumi na tisa.

Alizaliwa katika kambi ya shamba la mkonge nje kidogo ya Korogwe. Babu yake aliletwa kutoka Ubena kama manamba, akakata mkonge hadi akazikwa huko huko. Baba yake alipanda cheo kidogo: akawa mwendesha korona, ile mashine kubwa ya kukamua majani ya mkonge yabaki nyuzi.

“Baba hakuwa anabonyeza kitu kimoja tu,” anasema. “Kwanza maji. Halafu mafuta. Halafu injini ndogo, halafu mkanda, ndipo korona yenyewe. Ukiruka hatua, unavunja mashine au unakata mtu mkono. Mimi nilikua nikiona hivyo.”

Kompyuta alizikuta akiwa kijana, katika ofisi ya misheni alikoajiriwa kufagia. Padri mmoja alimwachia akae mbele ya mashine jioni. Akajifunza mifumo ya familia ya Unix kwa kusoma vitabu vilivyochanika majalada. Miaka kumi na minne iliyopita redio ikamwajiri.

Ni yeye aliyeandika kwa mkono maelekezo yote yanayoifanya seva ya redio, ile kompyuta ya kabatini, iamke. Katika mifumo hiyo kuna programu moja inayotangulia kuamka, na hiyo ndiyo inayowaamsha wenzake. Kwa mtindo wa zamani, inawaamsha mmoja baada ya mwingine kwa kufuata skripti zenye namba, yaani mafaili ya amri. Wa tatu haamki kabla ya wa pili.

“Nilikuwa naweza kuifungua na kuisoma mstari kwa mstari,” anasema Valentino. “Kama kitu hakikuwaka, nilijua ni wapi.”

Miaka sita iliyopita alipokea mwanafunzi. Joyceline Mhina alikuwa na miaka 23, mtoto wa wakulima wa chai wa Dindira, amemaliza chuo na hana kazi. Valentino alimfundisha kuanzia kukunja nyaya. Alimwita mwanangu. Yeye alimwita Mwalimu, na hadi leo, pamoja na yote yaliyotokea, hajapata jina lingine la kumwita.

Baada ya miaka mitatu Joyceline alipewa studio ya Korogwe aisimamie. Akapanga chumba mtaa wa Manundu, mjini humo. Kila Jumatatu walikutana Handeni, wakala wali maharage kwa mama ntilie wa stendi, wakapanga kazi za wiki.

Ugomvi wao ulianza kwa jambo ambalo msomaji wa kawaida anaweza kuliona dogo.

Duniani kote wasimamizi wa mifumo wamebishana kwa miaka mingi juu ya hiyo programu ya kwanza kuamka. Upo mtindo mpya unaoamsha programu nyingi kwa mpigo na kuzilinda zote kutoka sehemu moja. Wapo wanaousifu kwa wepesi wake. Wapo wanaosema umejilimbikizia kazi zisizokuwa zake, na kwamba umewanyima mafundi nafasi ya kuona kinachoendelea ndani.

Mabishano hayo yalifika hadi kwenye kundi la WhatsApp la mafundi wa Tanga lenye watu 47. Vijana waliwaita wazee “watu wa makumbusho.” Wazee wakawaita vijana “watoto wa kubofya.” Mtu mmoja alitukaniwa mzazi wake. Mwishowe kundi likagawanyika mawili, na wapo waliosoma darasa moja ambao hawasalimiani mpaka leo.

Joyceline alikuwa upande wa mpya. Sababu zake hazikuwa za kitoto. Seva ya Handeni ilichukua dakika saba kuamka kila umeme ulipokatika. Skripti moja ikikwama, zote zilizo nyuma yake zinakwama. Na aliyezielewa zote alikuwa mtu mmoja tu.

“Nilimwambia, Mwalimu, ukiugua tutafanyaje?” anakumbuka Joyceline. “Aliona kama namwombea mabaya.”

Valentino hakatai. “Nilisikia vibaya. Nilisema huyu nimemtoa kwenye kukunja nyaya, leo ananiambia kazi yangu ya miaka yote hii ni takataka. Hakusema hivyo. Mimi ndiye niliyesikia hivyo.”

Mwezi Machi mwaka jana mkurugenzi aliwaita wote wawili, akawasikiliza, akaamua mfumo mpya uwekwe. Joyceline ndiye aliyepewa kazi.

Siku ya makabidhiano walikaa katika chumba hiki chenye feni ya dari. Joyceline alikuwa na daftari. Valentino anakumbuka hata rangi ya kalamu.

“Mwalimu,” Joyceline alimwuliza, “kuna kitu humu ambacho hakijaandikwa? Kitu ninachotakiwa kukijua?”

“Vyote vimo humo,” Valentino alijibu. “Soma.”

Haikuwa kweli. Katikati ya skripti ya kumi na moja kulikuwa na mstari mmoja ulioiamuru kompyuta isubiri sekunde arobaini. Haukuwa na maelezo yoyote. Valentino aliuandika mwaka wake wa pili kazini baada ya kugundua kwamba diski kubwa inayohifadhi matangazo, ambayo ni kuukuu, ikikatiwa umeme kabisa huchukua zaidi ya nusu dakika kuamka. Programu ya kucheza matangazo ikiitangulia, inakuta pakavu. Haitoi onyo. Inacheza ukimya, na kwenye skrini inaonyesha kijani.

Joyceline aliuona mstari huo. “Nilidhani ni masalia,” anasema. “Nikaufuta. Ningeweza kumwuliza tena, lakini alishanijibu vile, nikaogopa kuonekana mjinga.”

Aliijaribu kazi yake mara saba kwa kuizima kompyuta na kuiwasha. Mara zote ilirudi vizuri, kwa sekunde hamsini badala ya dakika saba. Lakini kuizima kompyuta kwa amri hakuikatii diski umeme. Kwa siku kumi na moja umeme ulikatika kwa muda mfupi tu, betri ya akiba ikabeba. Mkurugenzi alimpongeza mbele ya wafanyakazi wote.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumamosi.

Mchana wa siku hiyo, katika kijiji kimoja nje ya mji wa Handeni, Mzee Kibwana Mdoe alifariki akiwa na miaka 74. Mjane wake, Bi Mashavu, alimtuma jirani kwa pikipiki hadi redioni kupeleka tangazo la msiba. Mtoto wao Sabiri, mwenye miaka 31, alikuwa kwenye shamba la ufuta porini, mwendo wa saa tatu kwa baiskeli kutoka mahali pa karibu zaidi penye mtandao wa simu. Huko alikuwa na kibanda, jembe na redio.

“Hatukumtuma mtu kumfuata,” anasema Bi Mashavu. “Kwa nini tumtume? Matangazo ya jioni na asubuhi hayampiti. Hata mvua inyeshe.”

Tangazo lilirekodiwa saa nane. Lilipangwa kusikika saa kumi na mbili jioni, saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mwisho wa wiki hakuna mtangazaji studioni. Kompyuta ndiyo inayoendesha vipindi.

Saa tisa umeme ulikatika. Betri ya akiba ikaisha. Saa kumi na moja umeme ukarudi, kompyuta ikaamka kwa sekunde hamsini, na redio ikaanza kurusha ukimya.

Mlinzi alimpigia Joyceline, ambaye ndiye aliyekuwa zamu. Akiwa chumbani kwake Manundu alifungua seva kupitia simu yake. Kijani tupu. Akafikiri tatizo liko kwenye mnara wa kurushia matangazo, akamtafuta fundi wa mnara, naye fundi akaahidi kufika asubuhi. Halafu akampigia Valentino. Akampigia mara tatu.

Valentino alikuwa nyumbani kwake, redio ikiwa mezani. Alikuwa ameshausikia huo ukimya, na alijua ni nini tangu dakika ya kwanza.

Anaposimulia hapa sauti yake inashuka, na inabidi mwandishi asogeze kiti.

“Nilisema, ngoja aone. Nilisema saa moja tu. Akihangaika saa moja, mkurugenzi atajua nani ni fundi. Simu ikaita, nikaiangalia. Saa moja ikapita, nikaona aibu kupokea, kwa sababu angeniuliza mbona hukupokea mwanzo. Ndivyo ilivyokwenda. Sikuwaza tangazo la mtu. Kuna matangazo ya misiba kila siku, na mimi ndiye ninayeyatunza. Sikuwaza.”

Mkewe, Grasiana, alikuwa anachambua mchele pembeni. “Nilimwuliza, mbona hupokei? Akasema mtandao mbaya. Nikashangaa, maana ilikuwa inaita.”

Asubuhi alikwenda misa ya kwanza. Saa tatu na robo aliingia studioni. Kuirudisha redio hewani kulimchukua chini ya dakika mbili. Matangazo yaliyopangwa yalikuwa yameshapita, na kompyuta hairudii yaliyopita.

Kijijini, mwili wa Mzee Kibwana ulikuwa umeoshwa na kukafiniwa. Ilikuwa wauchukue saa nne. Bi Mashavu akaomba wasubiri kidogo, Sabiri yuko njiani. Wakasubiri hadi baada ya sala ya adhuhuri. Shehe akasema haifai kuchelewesha zaidi. Wakaenda makaburini.

Sabiri alikuja kijijini Jumatano kununua chumvi na mafuta ya taa. Mtu wa kwanza kukutana naye dukani alimpa pole.

“Nikamwuliza, pole ya nini?” anasema Sabiri.

Kesho yake alifika redioni. Hakuja kwa fujo. Aliuliza mapokezi tangazo la baba yake lilisomwa saa ngapi, kwa sababu yeye hakulisikia na alitaka kujua kama alikuwa amelala au betri za redio yake zilikuwa zimekwisha. Valentino alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, ameshika waya.

Kikao kiliitishwa. Joyceline alieleza alichokifanya, akasema kosa ni lake. Mkurugenzi akamgeukia Valentino na kumwuliza kama ana la kuongeza.

“Nikasema sina.”

Baada ya wiki moja Joyceline aliandika barua ya kuacha kazi. Mfumo wa zamani ukarudishwa. Habari zikafika kwenye makundi ya WhatsApp, na lile kundi la wazee likajaa pongezi. *Mzee alisema! Mzee alisema!* Valentino alihesabu ujumbe zaidi ya sitini. Hakujibu hata mmoja, na watu wakauona ukimya wake kuwa ni unyenyekevu.

Aliishi hivyo miezi minane. Grasiana anasema alikuwa akiacha chakula nusu, na alizima redio ya nyumbani akaiweka juu ya kabati.

Mwezi Novemba mafundi wa wilaya mbili walikutana katika ukumbi mmoja Korogwe, na Valentino akaombwa asimulie mkasa ule uwe funzo kwa vijana. Alisimama mbele ya watu kama thelathini. Akaeleza diski, akaeleza sekunde arobaini. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

“Samahani mzee, naomba kuuliza. Wewe ulijuaje haraka hivyo kosa liko wapi? Dakika mbili tu?”

“Hakuwa ananitega,” anasema Valentino. “Alitaka kujifunza. Nikafungua mdomo nimdanganye, nikashindwa.”

Akawaambia yote: jibu alilompa Joyceline siku ya makabidhiano, redio iliyokuwa mezani, simu tatu. Watu wawili walitoka ukumbini. Rafiki yake wa miaka mingi, aliyekuwa wa kwanza kuandika “Mzee alisema,” alimfuata nje na kumwuliza kwa nini amewaaibisha wazee wote.

Mkurugenzi alimsimamisha kazi mwezi mmoja, kisha akamrudisha. Valentino hajivunii hilo. “Walinirudisha kwa sababu hakuna mwingine anayejua. Ndilo jambo ambalo Joyceline alikuwa analisema.”

Alichokifanya kwanza baada ya kurudi ni kuuweka tena mfumo mpya, kwa kutumia mafaili ya Joyceline. Aliongeza agizo moja tu: programu ya matangazo isiamke mpaka diski iwe tayari. Lilikuwa na mistari miwili. Chini yake akaandika maelezo kwa Kiswahili, yanayosomeka na mtu yeyote.

Kabla ya hapo alikuwa amekwenda kijijini kwa Bi Mashavu, peke yake.

“Hodi.”

“Karibu.”

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Karibu mkeka.”

Alieleza kila kitu akiwa ameinamisha kichwa. Bi Mashavu alimsikiliza bila kumkatiza. Sabiri alikaa kizingitini, amewapa mgongo.

“Kwa hiyo mlikuwa mmegombana,” Bi Mashavu alisema mwishoni. “Wewe na huyo binti.”

“Ndiyo mama.”

“Mligombania nini?”

“Namna ya kuwasha kompyuta.”

Bi Mashavu alinyoosha ukingo wa mkeka. Kisha akasema, “Basi?”

“Basi, mama.”

Hakumfukuza. Wala hakusema amemsamehe. Alimletea maji, akanywa. Alipoaga, Sabiri alimsindikiza hadi barabarani, na huko ndiko alikosema neno lake la kwanza.

“Lile tangazo bado lipo?”

Lilikuwepo. Siku ya pili yake Sabiri alifika redioni akiwa amevaa kanzu. Valentino alimketisha kwenye kiti chake mwenyewe na kumvisha vipokea sauti. Tangazo lina dakika moja na sekunde kumi na mbili. Linataja jina la marehemu, ukoo, kijiji, ndugu wote. Mwishoni mtangazaji anasema: *Habari hizi zimfikie mtoto wa marehemu, Sabiri Kibwana, popote alipo. Anaombwa afike haraka. Anasubiriwa.*

Sabiri alilisikiliza mara mbili. Kisha akavua vipokea sauti, akaviweka mezani kwa uangalifu kama mtu anayeogopa kuvunja kitu cha watu, akashukuru, akaondoka.

Gazeti hili lilimtembelea Joyceline huko Dindira. Siku hizi anafanya kazi kwenye kituo cha kupokelea majani mabichi ya chai. Anapima magunia, anaandika kilo, anaita jina linalofuata. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha na mikono yake ilikuwa na rangi ya kijani kibichi hadi kwenye viganja.

Alishasikia kuhusu ukumbi wa Korogwe. Watu walimtumia sauti iliyorekodiwa.

“Nilisikiliza mpaka mwisho,” anasema. “Nililia, si uongo. Halafu nikasema, miezi minane nimelala nikijua nimemnyima mtu kumzika baba yake. Naye alikuwa anajua.”

Je, anamchukia?

“Hapana. Alinifundisha kila kitu. Angeniambia tu, Joyce, usifute huo mstari. Ni maneno mangapi hayo?”

Anaita jina linalofuata, mama mmoja anaweka gunia kwenye mizani. Joyceline anaandika. Mwandishi anamwuliza kama redio ikimwita atarudi.

“Sirudi,” anasema bila kuinua macho. “Wakiandika barua ya kunisafisha jina nitaipokea, mama yangu aione. Lakini kule sirudi. Kompyuta yenyewe nilishaiuza.”

Handeni, siku mbili baadaye, Valentino ana bahasha kwenye droo. Ndani yake mna nakala ya barua aliyoiandikia bodi ya kituo. Anaomba Joyceline asafishwe kwa maandishi, na aitwe kushika nafasi yake. Yeye amepanga kuacha kazi ifikapo Desemba, akalime mahindi na Grasiana kwenye shamba lao la Korogwe ya Zamani. Bodi itakaa mwezi ujao.

Hajui alichokisema Joyceline. Mwandishi hakuulizwa, na hakumwambia.

“Akija nitakaa naye wiki mbili, au hata mwezi,” anasema, akiichomoa barua na kuirudisha. “Safari hii nitamwambia kila kitu, hata asichouliza. Nimeshamnunulia na kiti, kile cha kwangu kinamuumiza mtu mgongo.”

Anakionyesha. Kipo kwenye kona, bado kimefungwa nailoni.